Chombo cha Shamis

Jumatatu, 10 Machi 2025

Joto la leo si la kuandikwa. Naandika hata hivyo — nitamwambia nani mwingine?

Feni imekufa tena. Tangu asubuhi nimesema maneno kama ishirini hivi, nusu kwa Abdille mlinzi na nusu kwa feni. Ni Ramadhani, Abdille anafunga, kwa hivyo hata ile chai yetu ya saa nne haipo. Maji nakunywa nikiwa nimejificha nyuma ya kabati la rejista. Hakuna aliyeniambia nijifiche. Ni aibu zangu tu.

Mwezi wa kumi na nne huu, Garissa. Maggie, aliyenitangulia hapa, aliponikabidhi funguo za ghala aliniambia nitazoea. Vitu mia mbili na kumi na viwili, ofisi moja, na mimi. Kengele za ngamia, mito ya mbao, mikeka, vyombo vya maziwa. Taasisi yetu ya serikali ilivikusanya kabla sijazaliwa. Kazi yangu ni kuvipangusa vumbi na kuandika kila mwisho wa mwezi kwamba bado vipo. Vipo! Vitaenda wapi?

Lakini leo amekuja mtu. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, shangazi yake Abdille, jina lake Osob. Alisikia kwa Abdille kwamba serikali ina vyombo vya maziwa vya kusukwa, akataka kuviona. Akapita kwenye rafu polepole, mikono nyuma. Rafu ya tatu akasimama mbele ya nambari 117.

"Hii ya mama yangu," akasema.

Nusura nicheke. Vyombo kumi na tisa, vyote rangi moja, vyote shingo ndefu, mimi mwenyewe bila nambari sivitofautishi. Akaniambia niangalie msuko. Mamake alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hivyo nyuzi zake zinazunguka upande wa pili. Nikavishusha vyote kumi na tisa, nikavipanga sakafuni. Kumi na nane vinazunguka kulia. Kimoja kushoto.

Miaka arobaini kiko kwenye rafu yetu na hakuna aliyeona! Kadi yake inasema: Kutulo, 1984. Mtengenezaji hajulikani.

Nikamsomea. Akasema anajulikana, aliitwa Shamis.

Alhamisi, 13 Machi

Amerudi. Sikumtarajia. Nimefurahi mpaka nikajigonga mguu kwenye meza nikikimbilia mlango.

Leo amenieleza yote, Abdille akimsaidia pale Kiswahili kilipomkwama. Mwaka ule wa ukame ngamia wao waliisha wote Kutulo. Likaja gari la serikali lenye watu wa kununua na kuandika. Mamake hakuuza. Aliwapa chombo wamwekee, kwa sababu wao walikuwa na nyumba ya paa na yeye hakuwa na tone la maziwa la kutia ndani. Kwao ndivyo ilivyo: asiye na cha kutia humpa mwenye mahali pa kuweka, na mvua ikinyesha anakwenda kukichukua. Haiandikwi. Mvua ilinyesha, gari halikurudi. Shamis alihama na mifugo ya watu, akafa miaka kumi na sita iliyopita, bado anauliza.

Kwenye kadi yetu pameandikwa neno moja: Zawadi.

Nilimwambia. Nilidhani atakasirika. Akacheka kidogo, akauliza ni nani anayetoa zawadi mwaka wa njaa. Halafu akaniangalia usoni.

"Sio zawadi. Ni amana. Wewe naweza kuandikia Nairobi?"

Nikasema naweza.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeandika barua ya madai, arudishiwe 117. Nilianza kwa kompyuta, stima ikapotea, nikamaliza kwa kalamu. Kurasa mbili. Msuko wa kushoto nimeueleza vizuri, na picha nimechora. Mama Osob ameweka kidole, Abdille ametia sahihi kama shahidi, nami nimepiga muhuri: IMEPOKELEWA 17 MACHI 2025.

Itapita hii. Najua. Mtengenezaji ana jina, mrithi yuko hai, ushahidi unaonekana kwa macho. Maggie alirudisha kengele ya ngamia kwa familia moja ya Hulugho kwa ushahidi mdogo kuliko huu, na haikuchukua hata miezi miwili.

Bahasha iko tayari. Kesho asubuhi naipeleka kwa basi la Nairobi.

Jumanne, 18 Machi

Sikuipeleka. Nililala mpaka saa mbili. Kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Mama Osob amekaa saa mbili nzima! Aliuliza kama Nairobi wamejibu. Nikasema bado hawajajibu. Si uongo. Hawawezi kujibu wasichopokea. Wahu wewe, hata ukiwa peke yako unajitetea kama uko kortini.

Tumefanya kazi leo, kazi ya kweli. Nilimshushia vitu kimoja kimoja, naye akanieleza. Kile tulichoandika "kikapu" si kikapu, ni kifuniko. Ule "mkufu wa mapambo" huvaliwa na ngamia, si na bibi harusi. Nimerekebisha kadi tisa. Tisa! Kwa miezi kumi na minne sikurekebisha hata moja.

Kisha akaniuliza mamangu yuko wapi. Nikamwambia alifariki nikiwa kidato cha pili. Hakusema pole. Akaniita hooyo, akaniomba nimshushie kile cha juu.

Baadaye nilimuuliza Abdille kwa nini shangazi yake ananiita mama, na hooyo si ni mama? Akasema kwao mama ndivyo anavyomwita mtoto wake. Anamrudishia jina. Nikaenda nyuma ya kabati, nikasingizia maji.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Polisi wa getini alikagua mkoba wangu, akanikaribisha, akaniuliza kama kwetu Nyeri kuna baridi. Ndiyo mazungumzo marefu niliyopata leo. Baada ya ibada watu walisimama kwa makundi yao, walimu na walimu, manesi na manesi. Mimi kundi langu liko rafuni.

Ndugu yangu hakupiga simu. Nikapiga mimi, akasema atanirudia. Nimekaa na simu mapajani mpaka chaji ikaisha.

Acha niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kuusoma. Bahasha iko kwenye droo ya pili. Si usingizi, si basi. Chombo kikirudi kwa mwenyewe, Mama Osob atakuja tena kufanya nini? Atanishukuru, atanibariki, atakwenda zake. Sitaki aache kuja. Hiyo ndiyo sababu, na haina nyingine.

Wiki moja tu. Nitaipeleka wiki ijayo.

Jumatano, 26 Machi

Barua pepe kutoka kwa Vincent, makao makuu. Madai yote ya jamii yafike kabla tarehe 31 Machi haijaisha. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Nimeisoma mara mbili. Basi liko kesho, liko keshokutwa, liko Jumamosi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Ofisi imefungwa. Nilikuwa nimejipangia kufua nguo na kulala. Saa sita Abdille akagonga: shangazi yake anauliza kwa nini sijafika, chakula kinapoa.

Nilikwenda. Sijui niliingiaje mle ndani bila kuanguka kwa haya. Wanawake kumi na zaidi, watoto, udi, wali wa nyama ya ngamia kwenye sinia moja. Mama Osob akanikalisha kando yake, akawa anasukumia nyama upande wangu. Bintiye, Hani, akanipaka hina kiganja kimoja tu, kwa sababu niliondoa cha pili nikiogopa watu wa ofisini. Watu gani wa ofisini? Abdille?

Mama Osob aliwaambia wote mimi ni nani. Hani akanitafsiria: huyu ndiye aliyetuandikia barua ya chombo cha ayeeyo, yaani bibi. Kila mmoja akanishika mkono. Mmoja mzee sana, aliyemjua Shamis, akashikilia mkono wangu muda mrefu akiniombea dua, na mimi nikaitikia amina.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja. Leo ndiyo tarehe 31. Nilikula, nilicheka, nilipakwa hina, na orodha ikafungwa.

Sijawahi kuwa na siku nzuri namna hii tangu nije hapa. Hilo nalo ni kweli.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua! Mvua halisi, barabara ya kwenda darajani imejaa tope.

Mama Osob alikuja amelowa, amebeba mkebe wa makaa na vijiti vya mti fulani kwenye kanga. Hakuomba ruhusa. Alisema 117 kiko na kiu. Kweli, tangu Januari nimekuwa nikiona ufa mdogo chini ya shingo na kuuandika kwenye ripoti: ufa, milimita nne, ufa, milimita sita. Kupima tu. Kanuni zinasema kisiguswe na moto wala unyevu. Akasema ndiyo maana kinakufa. Chombo cha maziwa hufukizwa, tena hupakwa mafuta, tena hutiwa maziwa, la sivyo ni nyasi kavu tu.

Nilimtazama Abdille. Abdille akatazama mvua.

Tukakifukiza, kwenye baraza la nyuma. Alitia kijiti kinachofuka moshi ndani, akafunika, akakitikisa, akamimina majivu, akarudia. Akanipa nami nitikise. Nilikuwa naogopa kukivunja, akanishika viwiko kwa nyuma kuniongoza. Halafu akatia maziwa aliyokuja nayo, akasubiri, akaninywesha mimi kwanza. Ladha ya moshi. Sijui kuieleza.

Kwenye rejista sikuandika chochote.

Alipoondoka aliuliza tena habari za Nairobi. Nikasema wako polepole. Akasema serikali iko hivyo, yeye amesubiri miaka arobaini, hawezi kushindwa na wiki tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Barua pepe nyingine. Ghala la Garissa linafungwa. Lori litakuja Jumatatu tarehe 28 kuchukua vitu vyote kupeleka Nairobi. Mimi nahamishiwa makao makuu kuanzia Mei. Vincent ameongeza mwishoni: hongera Wahu, maombi yako yamejibiwa.

Maombi yangu. Ni kweli, niliandika barua tatu mwaka jana kuomba uhamisho. Hizo nilizipeleka kwa basi siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Alikuja. Sikumwambia. Alileta mikate ya anjera na thamosi ya chai. Akaniuliza kwa nini sili. Nikasema ni joto.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimempigia Vincent nyumbani kwake, nikasikia watoto wake nyuma. Nikajifanya nauliza juu juu: madai yakichelewa inakuwaje? Akasema yamefungwa. Nikasema, na kama yalipokelewa ofisini kabla ya tarehe, muhuri upo, lakini hayakufika huko? Akasema hayo yanaweza kusikilizwa, ikiwa afisa aliyeyakalia ataandika maelezo kwa nini aliyakalia. Na afisa huyo ajiandae kukutana na kamati ya nidhamu. Akaniuliza kama kuna madai kama hayo Garissa.

Nikasema hapana, nauliza tu.

Ulimi wangu huu! Ulitangulia, mimi nikabaki nyuma nikiusikiliza.

Kwa hivyo iko hivi, niandike wazi nisijizungushe: nikitoa barua, Mama Osob anaweza kupata chombo cha mamake, na mimi nitapoteza kazi, naye atajua nilichomfanyia. Nikinyamaza, chombo kinakwenda Nairobi na mimi nyuma yake, na hatajua kamwe. Kote kote simpati tena.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefunga boksi kumi na moja. Abdille amesaidia. Ameniuliza kama shangazi yake anajua juu ya lori. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Sijafunga 117.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia. Nusu yake. Nimesema lori linakuja Jumatatu, wanachukua kila kitu. Sikusema kuhusu droo.

Hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili tu: kama barua yake wamekataa, au kama hawajajibu. Nikasema hawajajibu. Akasema basi ni rahisi, Jumatatu atakuja mwenyewe kuwauliza uso kwa uso, maana mtu mzima akiulizwa uso kwa uso lazima ajibu.

Akanipapasa bega. Eti nisihuzunike, Nairobi ni karibu, mabasi yapo, atakuja kunitembelea na chombo kitakuwa chake tayari, ataniletea maziwa.

Kuniletea maziwa Nairobi! Nilicheka na kulia kwa pamoja, naye akadhani nalilia safari.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimekaa kitandani na barua, nikaisoma yote. Mwandiko wangu mzuri ule. "Mdai anatambua msuko wa mamake kwa kuwa unazunguka kushoto." Kidole chake kimetoka vizuri, kila mstari unaonekana.

Nimejaribu kuandika maelezo. Nilianza: Niliyakalia madai haya kwa sababu ya shughuli nyingi. Nikachana. Shughuli gani? Nikaanza tena: Niliyakalia madai haya kwa sababu nilikuwa peke yangu. Kamati itasoma hiyo? Watu saba kwenye meza ndefu wasome hiyo kwa sauti?

Karatasi hiyo sijaichana.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa nne na robo. Naandika ghalani, mlango nimeufunga, sijui hata kwa nini naandika badala ya kutoka nje.

Lori lilifika saa mbili. Vincent amekuja mwenyewe, na wapakiaji wawili. Amenenepa. Ameleta keki ya kuniaga, maskini. Rafu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeisha kupakiwa Mama Osob alipoingia na Hani, amevaa nguo za Idd. Akatusalimu wote. Akaenda moja kwa moja rafu ya tatu, akachukua 117, akatoka nacho, akakaa kwenye benchi la barazani, akakipakata. Mpakiaji mmoja akaanza kumfuata na boksi. Abdille akasimama katikati.

Vincent alikuwa mpole, sitamsingizia. Alichuchumaa mbele yake, akamwonyesha orodha kwenye tableti, akamweleza kwamba hakuna madai yoyote yaliyofika kutoka Garissa, na bila madai yeye hana uwezo. Kama kungekuwa na karatasi, alisema, hata moja, lingekuwa jambo jingine.

"Karatasi iko," akasema Mama Osob. "Wahu naandika. Mimi naweka kidole, Abdille naweka jina, Wahu nabiga muhuri. Ni nyinyi Nairobi mmelala."

Vincent akageuka kuniangalia. Alikumbuka ile simu ya Ijumaa Kuu. Niliona anakumbuka, uso wake ulibadilika taratibu. Akauliza kwa sauti ya chini: Wahu, kuna kitu?

Nikasema ngoja niangalie kwenye faili. Nikaingia huku. Dakika kumi na tano sasa.

Haihitaji kutafutwa. Iko mbele yangu, juu ya meza, na ile karatasi ya maelezo yenye mstari mmoja iko kando yake. Niliziweka zote mbili kwenye mkoba asubuhi. Kwa hivyo nilijua, au mikono ilijua. Lakini nikifungua mlango lazima niseme mbele yake. Si mbele ya Vincent, Vincent atajisomea. Mbele ya yule mama. Hani atamtafsiria neno kwa neno, na mimi nitasimama pale nikisubiri tafsiri ifike.

Dirisha liko wazi, nasikia yote. Mama Osob anamweleza Vincent asinigombeze. Anamwambia huyu mtoto hana mama, amekaa hapa peke yake mwaka mzima na vitu vya watu waliokufa, na kazi yake ameifanya vizuri. Anasema kama ni kosa liandikwe la basi, au la Nairobi. Anasema yeye ndiye shahidi wangu.

Vincent amegonga. Anauliza kama nimeipata.

Nimesimama. Barua iko mkononi. Kabla sijafika mlangoni nimemsikia Mama Osob nyuma ya Vincent, akimwambia kwa ukali kidogo:

"Wacha yeye. Wacha natafuta bolebole."